Kitu Adimu na Jinsi ya Kukipima

Katika masoko ya Migori na Homa Bay, pale yanapofunguliwa marobota ya mitumba, mara nyingi hutoka pamoja na nguo wanasesere wa manyoya: dubu, sungura, tembo, mbwa, na wanyama wengine ambao hata muuzaji hawezi kuwataja jina. Wameshonwa kwa kitambaa laini, wakajazwa pamba au nyuzi. Huwekwa katika rundo moja, au hufungwa kamba na kuning'inizwa mlangoni pa kibanda. Mama mwenye mtoto mgongoni huchagua mmoja, hubishana bei kidogo, hulipa, akaenda zake. Mtoto hufurahi, na biashara huishia hapo.

Lakini katika nchi walikotoka wanasesere hao, wapo watu wazima wanaowakusanya na kuwaweka kabatini nyuma ya kioo, mahali ambapo hakuna mtoto awezaye kuwafikia. Baadhi yao wameuzwa mnadani kwa fedha ambayo ingejenga nyumba kubwa ya mawe. Habari hizi zimefika huku kwetu, na uvumi umefuatana nazo. Kijana aliyesikia kwamba dubu mmoja wa kitambaa aliuzwa kwa pauni 110,000 hulitazama rundo la sokoni kwa jicho jipya. Vivyo hivyo, nyanya aliyehifadhi kopo la sarafu za zamani, zile zenye tundu katikati, huambiwa na wajukuu zake kwamba ameukalia utajiri bila ya kujua.

Basi, msomaji, hapa pana swali ambalo lafaa tulijibu kwa utulivu. Kitu adimu ni kipi, na mtu atakijuaje? Wengi hudhani kwamba kila kilicho kikuukuu ni adimu, na kila kilicho adimu kina thamani. Mambo yote mawili si kweli. Historia ya wanasesere wa manyoya, ingawa yaonekana kuwa jambo la kitoto, yaonyesha wazi kwa nini si kweli. Kwanza tutaifuata historia hiyo, kisha tutaichukua kanuni tuliyoipata tukaipime sarafu iliyomo katika kopo la nyanya.

Asili ya dubu wa manyoya ni jambo la mwaka 1902. Katika mwezi wa Novemba mwaka huo Rais Theodore Roosevelt wa Marekani alikwenda kuwinda katika jimbo la Mississippi. Siku zikapita asipate dubu. Wenzake wakamkamata dubu mmoja, wakamfunga mtini, wakamwita Rais aje ampige risasi. Roosevelt akakataa, kwa kuwa aliona si uungwana kwa mwindaji kumpiga mnyama aliyefungwa. Mchoraji wa magazeti, Clifford Berryman, akaichora habari hiyo, na picha yake ikaenea. Huko Brooklyn, katika mji wa New York, mwenye duka mmoja aliyeitwa Morris Michtom, pamoja na mkewe Rose, walishona dubu wa kitambaa wakamwita kwa jina la Rais, yaani Teddy, ambalo ni ufupisho wa Theodore.

Roosevelt huyo si mgeni kabisa katika historia yetu. Alipokwisha kuondoka madarakani alishuka Mombasa katika mwezi wa Aprili mwaka 1909, akapanda gari la moshi, akawinda katika nchi hii kwa miezi mingi. Yeye na wenzake walikusanya wanyama zaidi ya 11,000, wakubwa kwa wadogo, kwa ajili ya jumba la makumbusho la Smithsonian huko Washington. Katika mwezi wa Desemba alivuka ziwa letu kutoka Kisumu kwenda Entebbe. Wanyama wa makumbusho kama wale huandikiwa mahali walipopatikana na tarehe yake. Likumbuke jambo hilo la kuandika, kwa maana tutalirudia.

Wakati ule ule, huko Ujerumani, katika mji mdogo wa Giengen, aliishi mshonaji aliyeitwa Margarete Steiff. Alizaliwa mwaka 1847, na ugonjwa wa utotoni ulimpooza miguu, lakini mikono yake haikujua kushindwa. Mwaka 1880 alishona tembo mdogo wa kuchomekea pini, watoto wakampenda, na kwa tembo huyo kikazaliwa kiwanda. Mwaka 1902 mpwa wake, Richard Steiff, alibuni dubu ambaye mikono na miguu yake iliweza kuzungushwa. Mwaka uliofuata dubu huyo alipelekwa katika maonyesho ya biashara ya Leipzig, na mnunuzi mmoja kutoka Marekani akaagiza 3,000. Tangu mwaka 1904 kiwanda kikaanza kumtia kila mnyama kifungo kidogo cha chuma sikioni, ili watu wasidanganywe kwa wanasesere wa kuigiza. Mwaka 1907 kiwanda hicho kilitengeneza dubu 974,000 kwa mwaka mmoja.

Sasa tusimame hapa, tuulize. Katika wale dubu 3,000 wa mwanzo, wamebaki wangapi? Hajulikani hata mmoja. Dubu wale walitengenezwa ili watoto wawachezee, na watoto waliwachezea. Waliwabusu, wakawaburuta matopeni, wakawang'oa macho, wakawanyeshea chai, na walipochakaa, wakatupwa jaani. Kwa hiyo fundisho la kwanza ni hili: hesabu ya vitu vilivyotengenezwa si hesabu ya vitu vilivyobaki. Mtu anayepima uadimu hana budi kuyajua yote mawili. Kitu kilichotengenezwa kwa maelfu chaweza kuwa adimu kabisa iwapo matumizi yamekimaliza.

Fundisho la pili tunalipata London. Tarehe 5 Desemba 1994, katika nyumba ya mnada ya Christie's, aliuzwa dubu wa Steiff wa mwaka 1904 aliyeitwa Teddy Girl. Huyu ndiye dubu wa pauni 110,000 anayetajwa katika uvumi. Mnunuzi alitoka Japani, naye alimtaka kwa ajili ya jumba la makumbusho ya dubu. Je, ni uzee wake tu uliompa bei hiyo? La. Walikuwapo dubu wengine wa umri ule ule ambao hawakupata hata sehemu ndogo ya fedha hiyo. Teddy Girl alikuwa na historia inayothibitika. Alikuwa mali ya Kanali Bob Henderson, mkusanyaji mashuhuri, ambaye alikuwa naye tangu utotoni hadi uzeeni, na maisha yao pamoja yalijulikana kwa picha na kwa maandishi. Tena, siku ile ya mnada walikuwapo watu zaidi ya mmoja waliomtaka kwa moyo wote. Mnada hauhitaji umati wa watu. Huhitaji watu wawili wenye fedha ambao kila mmoja amekataa kushindwa. Kwa hiyo uadimu peke yake hauleti bei. Kitu chaweza kuwa kimoja tu duniani, na kikakosa thamani sokoni, kwa kuwa hakuna anayekitafuta.

Fundisho la tatu ndilo kubwa, nalo ni la siku zilizo karibu nasi. Mwaka 1993 Mmarekani aliyeitwa Ty Warner alianza kuuza wanyama wadogo wa manyoya walioitwa Beanie Babies. Bei yao dukani ilikuwa yapata dola 5. Warner alikuwa mfanyabiashara mwerevu. Hakutaka kuwauza katika maduka makubwa. Aliwapelekea wenye maduka madogo, kila duka kwa kipimo. Tena mara kwa mara alitangaza kwamba mnyama fulani hatatengenezwa tena. Watu wakaanza kuwaza hivi: ‘Kisichotengenezwa tena kitakuwa adimu, na kilicho adimu kitapanda bei, basi ninunue leo niuze kesho.’ Vikachapishwa vitabu vya kutaja bei za wanyama hao, na kadiri vitabu vilivyotaja bei kubwa, ndivyo watu walivyozidi kununua.

Mwaka 1997, baada ya kifo cha Binti Mfalme Diana wa Uingereza, alitolewa dubu wa rangi ya zambarau kwa ajili ya kumkumbuka. Mwanzoni maduka yaligawiwa wachache mno, watu wakamwona kuwa lulu. Baadaye wakatengenezwa wengi, lakini jina la uadimu likabaki katika masikio ya watu. Mwaka 1999, katika mahakama ya mji wa Las Vegas, mume na mke waliokuwa wameachana walipiga magoti sakafuni mbele ya hakimu wakigawana wanyama wao wa Beanie mmoja mmoja, kama warithi wanavyogawana ng'ombe wa marehemu. Katika mwaka huo huo Warner alitangaza kwamba wanyama wote watakoma. Kisha akaendelea kutengeneza. Bei zikaanguka. Waliokuwa wamejaza vyumba wakitumaini kusomesha watoto kwa mauzo yake wakabaki na masanduku ya vitambaa ambayo hayakuwa na mnunuzi.

Kwa nini bei zilianguka? Jibu lake ndilo kiini cha jambo hili. Wanasesere wa Steiff wa zamani walikuwa adimu kwa sababu watoto waliwaharibu. Wanasesere wa Beanie hawakuharibiwa, kwa sababu watu waliwahifadhi. Mtoto hakuruhusiwa kumgusa mnyama; hata lebo ya karatasi iliyoning'inia sikioni ilifunikwa kwa kifuko cha plastiki isikunjwe. Kwa hiyo wote walibaki, na wote walibaki wazima. Kitu ambacho kila mtu amekiweka akiba kwa kutumaini kwamba kitakuwa adimu, hakiwezi kuwa adimu, kwa kuwa akiba yenyewe ndiyo iliyokizidisha.

Hata hivyo, wachache kati yao ni adimu kweli, nao wanatufundisha jinsi uadimu unavyozaliwa. Mwaka 1995 alitolewa tembo aliyeitwa Peanut. Tembo wa kwanza walikuwa wa buluu iliyokolea. Kisha rangi ikabadilishwa ikawa buluu hafifu. Wale wa rangi iliyokolea hukisiwa kuwa kama 2,000 tu, na wakusanyaji huwatafuta hata leo. Hakuna aliyekusudia wawe adimu. Ni badiliko la mapema lililowafanya kuwa wachache. Lakini uangalie usidanganyike hapa pia. Katika lebo za wanyama wengi wa Beanie mna makosa ya herufi, na wauzaji husema kwamba kosa hilo ndilo linaloleta bei. Kosa lililochapishwa mara moja katika lebo kumi ni ajabu. Kosa lililochapishwa katika lebo maelfu kwa maelfu ni kawaida.

Kutokana na habari hizi tatu twaweza kutunga maswali manne, ambayo mtu yeyote anayepima kitu adimu yampasa kuyauliza kwa utaratibu. Kwanza, vilitengenezwa vingapi? Pili, vimebaki vingapi, na katika hali gani? Tatu, ni nani anayevitaka, na amewahi kulipa kiasi gani? Nne, kuna uthibitisho gani kwamba kitu hiki ndicho kile kinachosemwa? Katika swali la tatu, angalia neno ‘kulipa’. Bei inayotajwa na muuzaji si bei iliyolipwa na mnunuzi. Mimi naweza kuandika kwenye jiwe la barabarani ‘shilingi milioni moja’, lakini maandishi yangu hayalipi jiwe thamani hiyo. Tafuta bei ya mnada uliokwisha, ambapo fedha ilitoka mfuko mmoja ikaingia mfuko mwingine.

Wachimbaji wa dhahabu wa Macalder, katika kaunti ya Migori, wanalijua jambo hili kwa njia yao. Hakuna mchimbaji anayeliamini jiwe kwa kuwa linang'aa tu. Hulisaga, hulitia maji katika karai, hulizungusha polepole mpaka mchanga uondoke, ndipo atazame kilichobaki chini. Maswali yetu manne ni kama maji ya karai: huondoa mchanga wa uvumi, na kama dhahabu imo, itaonekana.

Sasa tulichukue kopo la nyanya. Wengi wetu hatuna dubu wa Steiff nyumbani, wala hatutampata; lakini katika boma nyingi za Nyanza ya Kusini imo sarafu ya tundu. Kanuni ile ile inayompima mwanasesere ndiyo itakayoipima sarafu hiyo, na kwetu mazoezi haya yana faida zaidi, kwa sababu hapa ndipo wadanganyifu wanapopata riziki.

Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1919. Kabla yake fedha ya nchi hii ilikuwa rupia. Mwaka 1920 ikaletwa florini, na mwaka 1921 florini nayo ikapokewa na shilingi. Senti kumi na senti tano zilitobolewa tundu katikati, na watu waliweza kuzitunga katika kamba wasizipoteze. Wajaluo waliiita senti kumi otonglo, na jina hilo lingali likitajwa hata na vijana ambao hawajapata kuitumia. Sarafu za namna hiyo ziliendelea kutengenezwa mpaka mwaka 1964, na Kenya ilianza kutoa fedha yake yenyewe mwaka 1966.

Miongoni mwa sarafu hizo ziko zenye jina la Mfalme Edward wa Nane na mwaka 1936. Edward alirithi ufalme katika mwezi wa Januari mwaka 1936, na katika mwezi wa Desemba mwaka huo huo akajiuzulu ili apate kumwoa mwanamke aliyekuwa ameolewa mara mbili kabla yake. Hakumaliza mwaka mmoja kitini. Kutengeneza sarafu yenye uso wa mfalme huchukua muda mrefu, na kwa sababu hiyo huko Uingereza ufalme wake uliisha kabla sarafu zenye uso wake hazijatolewa kwa watu. Lakini sarafu zetu zilikuwa na tundu mahali pa uso. Hazikuhitaji sura ya mfalme, zilihitaji jina na taji tu, na jina ni rahisi kubadilisha. Kwa hiyo senti tano na senti kumi za Afrika Mashariki zilitoka mapema zikiwa na jina lake, zikatumika hapa katika kila soko.

Sasa sikiliza jinsi udanganyifu unavyojengwa juu ya ukweli. Ni kweli kwamba sarafu za Edward wa Nane za Uingereza ni adimu mno. Ni kweli pia kwamba mwaka 2020 sarafu moja ya dhahabu yenye uso wake ilinunuliwa na mkusanyaji kwa pauni 1,000,000. Mdanganyifu huichukua habari hiyo ya kweli, huiweka mbele ya mwenye otonglo, na kumwambia: ‘Tazama, jina ni lile lile, mwaka ni wa mfalme yule yule.’ Hapo mwenye sarafu huona nyumba, shamba na gari. Lakini tuyaulize maswali manne. Zilitengenezwa ngapi? Mamilioni, tena katika viwanda zaidi ya kimoja. Zile zenye herufi H au KN zilitoka Birmingham. Zimebaki ngapi? Nyingi sana, kwa maana sarafu ya shaba hailiki na mchwa, na watu walizitupa makoponi zilipoacha kutumika. Nani anazitaka? Wakusanyaji wapo, lakini kila mmoja anayetaka kuipata huipata kwa urahisi, naye hulipa fedha kidogo tu. Kuna uthibitisho gani? Upo, sarafu ni halali na jina ni la kweli. Lakini ni sarafu nyingine, siyo ile ya dhahabu. Ukweli wa habari ya London hauifanyi otonglo kuwa dhahabu, kama ukweli wa Teddy Girl usivyomfanya kila dubu wa mitumba kuwa dubu wa pauni 110,000.

Kinyume chake, katika kopo lile lile yaweza kuwamo florini ya mwaka 1920 au 1921. Hiyo haina tundu wala uvumi, na mjukuu huisukuma kando. Lakini florini iliishi muda mfupi, ikaondolewa katika matumizi, na aliye nayo leo katika hali nzuri ana kitu ambacho mkusanyaji atakiuliza kwa heshima. Ndivyo mambo yalivyo mara nyingi: kitu chenye makelele si adimu, na kilicho adimu kimenyamaza. Wahenga walisema: Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Nataka uikumbuke pia alama moja ya mdanganyifu, kwa kuwa yaweza kuokoa fedha ya ada ya shule au ng'ombe wa familia. Mnunuzi wa kweli huja na fedha, akaitoa. Mdanganyifu huja bila fedha, akaiomba. Hukuambia kwamba mnunuzi tajiri yuko tayari mahali fulani mbali, lakini kwanza ulipe ada ya kusajili, ada ya kupima, ada ya kibali. Mtu anayekuomba fedha ili akununulie mali yako si mnunuzi, hata kama amevaa tai. Tamaa mbele, mauti nyuma.

Tukiisha kujifunza kukataa kile ambacho si adimu, limebaki swali zito zaidi: katika nchi hii ya ziwa, ni kitu gani kilicho adimu kweli? Tuyatumie maswali yetu juu ya michezo ya watoto wetu wenyewe. Wavulana wachunga ng'ombe walifinyanga ng'ombe wa udongo kando ya mito na ziwa, wakawapa pembe ndefu, wakawajengea zizi la vijiti. Wasichana walitengeneza wanasesere wa mabua ya mahindi na vitambaa. Mipira ilisukwa kwa majani makavu ya migomba na kamba. Kila mtoto alitengeneza, na kila mvua ilibomoa. Vilitengenezwa vingapi? Havina hesabu. Vimebaki vingapi kutoka miaka 100 iliyopita? Zitazame kuta za mawe za Thimlich Ohinga katika kaunti ya Migori, ambazo zimesimama kwa karne nyingi, na mwaka 2018 zikaingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia. Bila shaka watoto walicheza ndani ya kuta zile. Kuta tunazo, lakini ni nani atakayetuonyesha ng'ombe wa udongo wa mtoto mmojawapo?

Tunaona basi kwamba ng'ombe wa udongo wa babu zetu yu katika hali ile ile ya wale dubu 3,000 wa Steiff: alitengenezwa, akachezewa, akaisha. Iliyobaki ni tofauti moja tu. Dubu wale waliandikwa katika daftari za kiwanda, na kwa hiyo dunia yajua kwamba walikuwapo, walikuwa wangapi, na nani aliwabuni. Ng'ombe wetu hakuandikwa. Mali bila daftari huisha bila habari.

Umuhimu wa kuandika unaonekana vizuri katika kisiwa cha Rusinga, kaunti ya Homa Bay. Mwaka 1948 Mary Leakey aliona hapo fuvu la Proconsul, nyani wa kale aliyeishi mamilioni ya miaka kabla ya binadamu. Fuvu hilo lilisifiwa duniani kote kwa sababu lilijulikana mahali lilipotoka na tabaka la udongo lililolihifadhi. Lau mtu angeliokota akalitia mfukoni na kuliuza gizani, lingebaki mfupa tu. Ndiyo sababu sheria ya nchi inakataza kuchimba na kuuza vitu vya kale bila idhini. Kitu kilichong'olewa mahali pake bila maandishi kimepoteza nusu ya thamani yake, na hakuna bei inayoweza kuirudisha.

Basi nakupa kazi ndogo, msomaji, nawe waweza kuianza jioni ya leo. Omba ruhusa ya kulifungua kopo la nyanya. Usiisugue sarafu hata moja kwa mchanga au majivu ili ing'ae, kwa maana mkusanyaji hupenda sarafu ibaki na rangi ya umri wake, na mkwaruzo hauondoki. Andika katika daftari jina lililomo, mwaka, na herufi ndogo ukiziona. Kisha muulize nyanya sarafu hiyo ilinunua nini: kibaba cha unga, kipande cha sabuni, ama nauli ya mashua. Jibu lake haliwezi kununuliwa mnadani wala kutengenezwa tena kiwandani, na kuna mtu mmoja tu anayelijua.

Halafu mwombe mzee aliyechunga ng'ombe utotoni akufinyangie ng'ombe mmoja wa udongo kama walivyofinyanga zamani. Mwulize pembe zilikaaje, udongo ulichotwa wapi, na ng'ombe aliitwa nani. Mkaushe kivulini, mfungie karatasi yenye jina la mfinyanzi, kijiji, na tarehe, kisha mpeleke shuleni kwenu awekwe mahali salama. Huenda mwaka huu hataonekana kuwa kitu mbele ya macho ya watu. Yule dubu wa mwaka 1903 naye hakuonekana kuwa kitu machoni pa mama aliyemtupa jaani.